Ngozi ya Karani

Jumatatu, 3 Februari 1958. Bahati.

Jua kali. Upepo. Vumbi jeupe la ziwani limefika mpaka huku.

Bwana Mifugo ameagiza kila banda la ngozi liandike hali ya hewa kila siku mpaka masika yaanze, maana kiangazi hiki ngozi zinakauka nje zikibaki mbichi ndani. Haya. Nimejinunulia daftari la kuandikia kwanza, halafu nitanakili kwenye lile la ofisi kwa mwandiko wa heshima. Mimi ni Kiprugut arap Kosgei, mwalimu wa ngozi. Nafundisha watu kuchuna ng'ombe bila kuitoboa ngozi, kuiwamba kwenye fremu kivulini, na kuipa daraja. Mwaka wa kumi na mmoja huu. Mkato wa kisu nauona nikiwa bado mlangoni.

Jambo la pili ofisi haikuniuliza, lakini naliandika kwa sababu limeninyima usingizi. Nimeachiwa nyoka.

Juzi Jumamosi Mzee Achola, mtunza stoo wetu, alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mguu chini ya goti. Tulimpakia kwenye lori la maziwa apelekwe hospitali ya Nakuru. Amelala juu ya magunia, jasho linamtoka, nikajua sasa atanipa ujumbe wa wanawe. Akanishika mkono. "Omera," akasema, yaani ndugu yangu kwa Kijaluo, "Karani. Nitunzie Karani. Nikirudi nimkute." Nikasema ndiyo, Mzee. Mtu aliyevunjika mguu utamwambiaje hapana? Lori lilipokwisha kukata kona ndipo nikakumbuka Karani ni nani.

Karani ni nyoka wa kahawia, jike, urefu kama mkono wangu mmoja na nusu. Hana sumu, au ndivyo Achola anavyosema. Anakaa ndani ya sanduku la sabuni chini ya meza ya stoo. Jina alilipata kwa sababu akifunguliwa jioni hupita rafu moja baada ya nyingine, polepole, kama anayekagua mali, na harudi bila panya. Miaka tisa hakuna panya aliyetafuna ngozi hapa Bahati. Hilo namshukuru. Lakini miaka yote hiyo, nikitaka kuongea na Achola, nilikuwa nasimama nje.

Jumanne, 4 Februari

Jua. Upepo. Sijafungua sanduku.

Jumatano, 5 Februari

Jua. Sijafungua.

Alhamisi, 6 Februari

Jua. Nimefungua!

Ni kwa sababu ya Nyakio. Huyu ni mjane mwenye hoteli ya chai na mandazi iliyopakana na banda letu, na mdomo wake hauna mlango. Asubuhi aliniuliza kama Karani amekula. Nikasema bado. "Siku tano? Mwalimu, wewe unachuna fahali na pembe zake, na unaogopa kamba?"

"Fahali namkuta amekwisha kufa, Mama."

Akacheka mpaka birika likamwagika. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe hajakanyaga stoo ile tangu sanduku liingie. Akasema yeye hakumwahidi mtu kitu. Nikaenda kutafuta fimbo.

Basi jioni nimeinua kifuniko kwa fimbo. Akatoka. Akatoa ulimi, akaonja hewa, akapita juu ya kiatu changu. Nilisimama nikasali Baba Yetu mpaka mwisho, nikaanza tena. Mama yangu alitufundisha kwamba nyoka akiingia nyumba ya mwanamke aliyejifungua hauawi, anamiminiwa maziwa, pengine ni mzee wa ukoo amekuja kuona mtoto. Kwa hiyo nilikuwa nimemwekea maziwa kwenye kifuniko cha kopo. Karani alipita katikati ya maziwa bila kuyatazama, akachora mstari mweupe sakafuni, akaenda kushika panya nyuma ya mizani. Kama ni mzee wa ukoo, si wa ukoo wetu.

Jumatatu, 10 Februari

Jua. Panya wawili.

Jumapili, 16 Februari

Jua, upepo. Nimemshika kwa mkono. Ni mkavu na laini, kama mshipi uliovaliwa miaka mingi. Sikusali.

Ijumaa, 21 Februari

Jua. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Nimegundua kitu. Nikiwa naandika lebo za ngozi, Karani hulala juu ya meza karibu na wino. Nikaanza kumsomea. Lebo zetu zina mistari mitano: mwenyewe, uzito, makosa, daraja, na wa mwisho "Mnyama: amechinjwa / kibudu", yaani amejifia mwenyewe, unafuta lisilohusika. Leo nimemsomea ngozi ya Ndung'u mchinjaji: mikato kumi na minne, daraja la nne. "Huyu anachuna kwa panga," nikamwambia. Hakubisha. Sasa nimejua kwa nini Achola alikuwa hana haraka ya kwenda nyumbani.

Jumamosi, 1 Machi

Jua. Karani amekataa panya. Rangi yake imefifia, kama amepakwa majivu.

Jumanne, 4 Machi

Jua. Upepo mkavu, ngozi tatu zimepasuka kwenye fremu.

Macho ya Karani yamekuwa meupe. Yote mawili! Meupe ya maziwa, huoni mboni. Hali, hatoki, na nikimkaribia anajikunja na kutoa sauti ya pumzi. Kila siku nilikuwa namshukuru Mungu kwamba ni mzima, na sasa amepofuka mikononi mwangu.

Nilimwita Nyakio, akachungulia kutoka mlangoni. "Ni mtoto wa jicho," akasema. "Shangazi yangu alikuwa na ugonjwa huo."

"Shangazi yako alikuwa na miaka mingapi?"

"Themanini. Na huyu?"

Sijui umri wa nyoka. Nimemwandikia Mzee Achola barua, nimempa dereva wa lori la maziwa. Nimeandika wazi: macho ya Karani yamekuwa maziwa, nifanye nini?

Ijumaa, 7 Machi

Jua.

Jibu limekuja. Achola hajui kuandika, kwa hiyo ameandikiwa na mhudumu wa wodi, nyuma ya karatasi ya dawa isiyozidi kiganja. Nainakili yote:

"Kwa Mwalimu wa Ngozi. Mzee anasalimu. Macho yakiwa maziwa ngoja siku saba. Kisha toa ngozi. Anza kichwani. Usimwache akauke. Ni mimi Hiram, kwa niaba yake."

Nimeisoma mara nne. Toa ngozi. Mimi neno hilo nalisikia kutoka asubuhi hadi jioni, ndiyo kazi yangu. Na "usimwache akauke" ndilo somo la kwanza ninalofundisha: mnyama achunwe akingali na joto, akikauka ngozi inang'ang'ania. Nyakio naye amesema hakuna fumbo hapo. Mzee amejua nyoka wake hatapona, anataka walau ngozi ya ukumbusho. "Labda atashona mshipi," akasema, halafu akageuka akajifuta macho na aproni. Eti moshi. Jiko lilikuwa limezimika.

Nimemkasirikia Achola. Nasema kweli, nimekasirika sana. Miaka tisa! Mtu anawezaje kuagiza rafiki yake achunwe kwa maneno machache nyuma ya karatasi ya dawa?

Jumamosi, 8 Machi

Jua. Siku ya kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Jua. Ya pili. Kanisani mhubiri alisema juu ya Abrahamu na kisu. Nilitoka kabla ya sadaka.

Jumatatu, 10 Machi

Jua. Ya tatu. Panya ametafuna ukingo wa ngozi moja. Wamejua kwamba mkaguzi ni mgonjwa.

Jumanne, 11 Machi

Jua. Ya nne. Nimechuna ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda wa mwenye duka, na mara moja ngamia huko Isiolo. Sijawahi kumchuna mtu niliyemsalimia asubuhi.

Jumatano, 12 Machi

Jua. Ya tano.

Alhamisi, 13 Machi

Jua. Ya sita. Nimenoa kisu. Nyakio amesikia sauti ya jiwe la kunolea, akafunga dirisha.

Ijumaa, 14 Machi

Jua. Upepo umetulia.

Nilikunywa chai, nikavaa aproni, nikaingia stoo na kile kisu changu kidogo chenye mpini wa mfupa. Nikafungua sanduku. Karani akainua kichwa akanitazama. Akanitazama! Macho meusi, yanang'aa, kama hayajawahi kuugua. Mwili bado umefifia na umekunjamana kama karatasi ya sukari iliyotupwa, lakini macho mazima.

Nikaona aibu, kama mtu aliyefumaniwa na kuku wa jirani kwapani. Nikaficha kisu nyuma, mbele ya nyoka! Sasa nifanye nini? Neno la mzee aliyelala hospitalini si la kudharau. Lakini mgonjwa amepona macho. Nimeamua: Jumapili nitakwenda mwenyewe nimwambie Achola uso kwa uso kwamba mkono wangu umekataa. Akitaka, atafute mchunaji mwingine. Ndung'u yupo, na panga lake.

Jumapili, 16 Machi

Jua. Nimeendesha baiskeli mpaka Nakuru na kurudi. Miguu sina tena.

Achola nimemkuta kitandani, mguu umefungwa plasta nyeupe kuanzia kwenye goti, naye amechomeka waya wa baiskeli ndani ya plasta akijikuna. Hata salamu hazikwisha. "Karani hajambo?"

"Mzee," nikasema, "kisu nimekinoa lakini nimeshindwa. Kama lazima achunwe, si mimi."

"Achunwe nani?"

"Karani. Si uliagiza?"

"Mimi? Nimchune Karani?" Sauti yake ilipanda, wodi nzima ikageuka. Nikatoa barua mfukoni nikamsomea neno kwa neno. Aliposikia "toa ngozi" akaacha kujikuna. Nilipofika "anza kichwani" akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikatoa sauti, mpaka mgonjwa wa pili akauliza ni nini, naye akaambiwa, akacheka akishika mshono wake wa tumboni.

"Hiram!" Achola akaita. "Hiram, njoo! Nilikwambia uandike nini?"

Hiram ni kijana mwembamba, nadhifu, kalamu sikioni. Akasimama wima. "Ulisema, Mzee, kwamba macho yakiwa kama maziwa si ugonjwa, nyoka anajiandaa kujivua gamba. Zingojwe siku saba. Kisha kama gamba limekwama asaidiwe kulitoa, aanziwe kichwani, na awekewe maji asikauke. Nikaona maneno ni mengi na karatasi ni ndogo."

"Kwa hiyo?"

"Nikafupisha."

"Yawa!" Achola akajifuta machozi. "Na wewe Kiprugut, unasoma kama mchunaji."

"Ulitaka nisome kama nani, mkunga?"

Tukacheka tena. Halafu akaniuliza macho yametakata lini. Nikasema niliyaona Ijumaa. "Na gamba?" Nikamwambia bado, limekunjamana tu, na midomoni limeanza kupasuka lakini haliendi mbele. Kicheko kikamwisha usoni.

"Kiangazi hiki ni kibaya," akasema. "Hewa ni kavu, gamba linashikamana na mwili. Mwaka ule wa ukame lilimkwama mkiani. Ncha ikakauka, ikakatika. Likikwama machoni, Omera, atapofuka kweli, na hatawinda tena." Akachomoa waya, akauweka kando. "Tangu mama watoto afariki, wanangu wakiwa Kisumu na Kampala, jioni mimi huongea na nani? Watu husema mzee anaongea peke yake. Siongei peke yangu."

Nilimwona mzee huyu, ambaye wiki nzima nilikuwa namlaani, akishika shuka kwa mikono miwili. Nikaona haya.

"Niambie la kufanya."

"Maji ya vuguvugu. Gunia bichi. Jiwe la kujisugulia. Na usivute! Gamba kavu ukilivuta litatoka na nyama."

"Mzee," nikasema, "ngozi iliyokauka hailazimishwi, huloweshwa. Hilo unamfundisha nani?"

Hapo akatabasamu.

Jumatatu, 17 Machi

Jua kali kuliko jana. Leo naandika mengi, na chai imepoa, wacha ipoe.

Asubuhi gamba lilikuwa limechanika kwenye midomo na kurudi nyuma mpaka shingoni, pale likajikusanya kama kola ya shati iliyobana. Chini ya kola ngozi mpya inang'aa, nzuri ajabu. Nyuma yake gamba lote limeng'ang'ania. Karani alikuwa amejisugua kwenye mbao mpaka pua imekuwa nyekundu.

Maji yalikuwapo. Karai halikuwapo. Yaani lipo, lakini ndilo tunalochanganyia dawa ya wadudu wa ngozi, na dawa ile ni sumu hata kwa ng'ombe. Nikaenda kwa Nyakio.

"Mama, niazime beseni."

"La nini?"

"Kulowesha ngozi. Ndogo tu."

"Ya nani?"

"Ya... mfanyakazi mmoja wa stoo."

Alikuwa na wateja, akanipa bila kufikiri. Beseni la bluu, lile anakandia unga wa mandazi. Mungu anisamehe, sikulitazama vizuri. Ama nililitazama.

Nikatia maji, nikapima kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto mchanga, nikamweka Karani, nikafunika kwa gunia bichi. Nikamwacha kama nusu saa, nikimwongelesha ili asiogope. Kisha nikamtoa nikampitisha ndani ya kitambaa kilicholowa, mkono huu ukishika kola, ule ukishika mwili. Kola ikasogea kidogo. Halafu akajizungusha mkononi mwangu, nikawa sina mkono wa tatu. Nikimwachia kichwa anarudi kwenye mbao kujichubua. Nikimwachia mwili kola inabana. Nilikaa hivyo, sijui muda gani.

Ndipo Nyakio akaja kudai beseni.

"Ngai!" Kelele ile wameisikia mpaka Subukia. "Mwalimu! Kwenye beseni la unga! Mimi watu wananunua mandazi kwangu!"

"Mama, shika mkia."

"Nishike nini?"

"Mkia! Shingo inabana. Nikimwacha hivi, Achola atarudi akute sanduku tupu, nitamwambia nini?"

Alisimama mlangoni, kiganja kwenye mdomo. Mwanamke huyu hajaingia stoo miaka tisa. Nilimwona akimtazama Karani, akitazama ile kola, halafu akavua leso ya kichwani akaifunga kiunoni kama anayekwenda kulima.

"Mzibe macho asinione," akasema.

Nikamziba macho Karani kwa kidole gumba. Nyakio naye akafumba ya kwake, akanyoosha mkono, akashika. Akafumbua jicho moja. "Kumbe ni mkavu! Miaka yote nilijua ana utelezi."

Basi kuanzia hapo kazi haikuwa yangu tena. "Polepole, Mwalimu, unavuta!" Mimi! Miaka kumi na mmoja ninaambia wengine polepole. "Usivute, viringisha. Kama unamvua mtoto soksi mbichi. Hivi." Akaloweka vidole, akaweka gumba chini ya kola, akaviringisha nyuma kidogo, akalowesha, akaviringisha. Kola ikapita shingoni. Karani akatulia kabisa, kama anajua. Nyakio alikuwa anamwimbia kwa Kikikuyu, sauti ya chini, wala hakujua kwamba anaimba. Wateja walikuja wakapiga meza, wakapiga kelele, wakajihudumia chai wenyewe.

Saa mbili nzima. Gamba limetoka vipande vitano. Mwili wote sasa unang'aa, rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Kumebaki mawili: kibandiko cha jicho la kulia, yaani gamba jembamba linalolifunika, na pete ya gamba kavu kwenye ncha ya mkia. Hayo hayakukubali. Nilikuwa nataka kuendelea, nikachukua hata kile kisu kidogo, nione kama ncha yake itapita chini ya pete. Nyakio akanishika kiwiko. "Wacha," akasema. "Wewe si unasema ngozi haina haraka?" Nikaweka kisu chini. Ni kweli, ndiyo sentensi yangu ya kila siku.

Aliponawa mikono akasema, "Beseni hilo sasa ni la Karani. Utaniletea jingine, na liwe la bluu vilevile, wateja wasiulize."

Jumanne, 18 Machi

Jua. Gunia bichi asubuhi, mchana, jioni. Jicho bado. Mkia bado.

Jumatano, 19 Machi

Jua. Bado. Nyakio ameleta maji ya moto kutoka kwenye birika la hoteli, bila kuombwa. Amesema "Karani wetu".

Alhamisi, 20 Machi

Jua. Bado. Ncha ya mkia imeanza kuwa nyeusi. Naogopa.

Ijumaa, 21 Machi

Jua. Mawingu juu ya mlima Menengai saa tisa, yakaondoka bila kuaga.

Bwana Mifugo amefika ghafla kukagua. Ameona ngozi mbili zilizotafunwa na panya, akakunja uso. Halafu akaona magunia yanayotiririka maji. "Banda ni la kukausha. Kwa nini kuna magunia mabichi?"

"Mgonjwa, Bwana."

Akainua gunia. Karani akamtolea ulimi. Bwana Mifugo akarudisha gunia taratibu, akakohoa, akasema maji yasifike kwenye fremu. Hakusema mgonjwa aondolewe. Nimekuwa nikimwona mtu mkavu. Leo nampa daraja la pili.

Jumamosi, 22 Machi

Jua. Bado. Nyakio amenikuta nimeinua ukucha karibu na lile jicho. Alinitazama tu. Nikaushusha.

Jumatatu, 24 Machi

Joto la ajabu, hakuna upepo. Inzi wanang'ata. Bado.

Jumanne, 25 Machi

MVUA!

Ilianza saa nane kwa tone moja kwenye bati, pa! Halafu ikanyamaza kama imekosea nyumba. Halafu ikaja yote. Watu walitoka madukani wakasimama wakinyeshewa, Ndung'u amevua kofia, Nyakio ameacha mandazi kwenye mafuta yakaungua na hakujali. Ofisi ingenikata kichwa, lakini nimefungua madirisha yote ya stoo hewa ya mvua iingie, na sanduku nikaliweka pale inaponusika. Karani alitoa kichwa, akakaa hivyo mpaka giza lilipoingia, akionja mvua kwa ulimi.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Juu ya gunia nimekuta kitu kidogo, duara, chepesi, kinapitisha mwanga kama kioo cha saa. Ni kibandiko cha jicho! Kimetoka chenyewe. Nilipiga kelele, Nyakio akaja mbio na mwiko akidhani nimeumwa. Nikamwonyesha. Tulishikana mikono tukaruka, watu wazima wawili, kwa sababu ya kitu kisichozidi dengu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Baada ya maji ya vuguvugu, Nyakio ameiviringisha ile pete ya mkia, ikatoka. Ncha ni nyeusi. Nikaigusa kwa unyoya. Karani akaivuta haraka. Ina uhai! Imebaki, haikatiki.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua asubuhi. Panya wawili. Asante Mungu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua nyepesi, kesho Pasaka.

Achola amerudi na lori la maziwa, anatembelea gongo. Plasta wameiondoa jana. Alipoketi hotelini akakunja suruali kutuonyesha mguu: mwembamba, umepauka, na ngozi inabambuka mabamba mabamba. Nyakio akautazama kwa makini.

"Mwalimu," akasema, "lete beseni."

Tulicheka mpaka tukashika meza. Lakini Achola hakukaa sana. Akainuka, akaingia stoo, akainamia sanduku kwa shida. Akafungua kifuniko. Karani akatoka, akaonja hewa, akaonja tena, akapanda gongo taratibu mpaka kwenye mkono wake. Mzee akamgeuza huku na huku. Akatazama mkia. Akatazama jicho la kushoto, akatazama la kulia, akarudia la kushoto.

"Mawili," akasema.

"Mawili, Mzee. Nimeyahesabu kila siku."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na kazi. Nyakio alisimama kando yake, ndani ya stoo, akimweleza jinsi ya kumshika mkia, kama vile mzee hakuwa na nyoka huyo miaka tisa.

Halafu nikamwonyesha ukutani. Vile vipande nilikuwa nimevitandaza kwenye fremu ndogo niliyoitengeneza kwa vijiti, na kibandiko cha jicho katikati. Kazi ni kazi, nikaiwekea lebo. Achola akaomba nimsomee.

"Mwenyewe: Achola. Uzito: mizani imekataa kusema. Makosa: michaniko saba, mkato wa kisu hakuna. Daraja: la nne."

"La nne!" Nyakio akaja juu. "Na mikono yangu yote ile?"

"Mama, vipande saba ni la nne hata kwa mfalme."

"Endelea," Achola akasema. "Mstari wa mwisho."

Mstari huo ulinisumbua wiki nzima. Nilikuwa nimefuta "amechinjwa", nikafuta "kibudu", na lebo ya ofisi haina neno la tatu. Nikaandika pembeni kwa wino wangu mwenyewe.

"Mnyama," nikasoma, "yuko kazini."